Mpira wa Matambara

Enzi za Mwingereza, Mwalimu Kasiani alikuja Isongole akiwa mgeni wa mila zetu. Katika darasa lake la watu wazima, anayerusha mpira wa matambara humwuliza anayedaka swali kwa Kiingereza. Basi akamwamuru mzee Lwitiko amrushie Ikupa, mke wa mwanawe.

Darasa likanywea. Mkwe na mkamwana hawasemezani. Hata Ikupa alipomzika mtoto wake wiki chache kabla, na tangu hapo chakula kikawa hakimpiti kooni, mzee hakuweza kumpa pole.

Ikupa akajifunika kanga usoni. Mpira ukatua mapajani pake taratibu. Mzee, amegeukia ukuta, akauliza kwa Kiingereza cha kukwamakwama:

“Unakula, mwanangu?”

Mila, jamani, haikuwahi kukitaja Kiingereza.

“Ninakula, baba,” Ikupa akajibu kwa lugha hiyohiyo.

Jioni ile akala kweli.