Majibu ya Nywele

Awiti alikuwa amechuchumaa mbele ya karai tangu saa moja asubuhi, mikono yote miwili ndani ya tope, akikanda. Zebaki ilimkwepa vidoleni na kurudi, nzito na baridi, ikiokota chembe za dhahabu kutoka kwenye mchanga mweusi. Kazi hiyo haikutaka nguvu, ilitaka vidole vitulivu, na vidole vya Awiti vilikuwa vimeacha kutulia tangu mvua za vuli. Alipoinua kitambaa cha kuchujia zebaki ili akamue, mkono wa kushoto ulitetemeka, tone moja likaangukia nje ya karai.

Waitara, mwenye mwalo ule wa kusafishia mchanga, aliliona. Zebaki ilikuwa imepanda bei mara mbili tangu kilima cha Kemarege kifumuke dhahabu na watu waanze kumiminika kutoka Ringwani, Mbalibali hadi ng'ambo ya mpaka, na siku hizi aliwapimia wanawake wake kwa kizibo cha soda. Aliinama, akalikokota lile tone kwa kipande cha karatasi, akalirudisha.

"Mama Sharon, mkono huo utanifilisi," alisema, bila ukali.

Awiti alitumia nafasi hiyo kumwomba ruhusa. Watafiti wa serikali walikuwa wanarudi, mkutano ulikuwa saa tatu kwenye ofisi ya kata, na yeye alikuwa mmoja wa waliopimwa. Waitara alitazama foleni ya magunia ya mchanga yaliyokuwa yakisubiri, akamwambia aende, ila saa sita asipoonekana kwenye karai lake atakaa mtu mwingine. Wanawake wa kukaa hapo hawakukosekana. Walikuwa wanakuja kila asubuhi kuuliza.

Alinawa kwa sabuni mara mbili, akamfunga mwanawe mchanga, Sharon, mgongoni, akaondoka na Wegesa, jirani yake wa karai. Wegesa naye alikuwa amepimwa. Walitembea wakipita kando ya maduara ya wachimbaji, yaliyochimbwa karibu karibu kiasi kwamba njia ilikuwa ukingo tu kati ya shimo na shimo.

Watafiti walikuwa wamekuja mara ya kwanza mwaka mmoja uliopita. Walishuka ndani ya maduara na kupima nyufa, wakachukua mawe, wakachukua maji ya kisima, kisha wakawaita wanawake ishirini na wanane wanaoshika zebaki. Walimkata kila mmoja nywele za kisogoni, karibu kabisa na ngozi, wakachukua na mkojo, wakampa kadi yenye namba. Awiti, aliyekuwa na mimba changa wakati huo, alipewa namba kumi na saba. Majibu yangetoka baada ya miezi mitatu.

Miezi mitatu ilipita, ikapita mingine, Sharon akazaliwa, majibu hayakuja. Siku alipompeleka mtoto kliniki, muuguzi aliona mikono yake inavyotetemeka, akamuuliza anafanya kazi gani. Alipojibiwa, aliigeuza mikono hiyo na kuitazama. Alimweleza kwamba ile zebaki inaweza kuingia kwenye maziwa, ila kiasi gani, na kama kingemdhuru mtoto, yeye hakuweza kusema. Zahanati haikuwa na kipimo hicho. Kama serikali ilishampima, basi atafute majibu yake kwanza. Tangu siku ile Awiti alikuwa ananyonyesha kwa hofu. Mumewe, Olima, aliyekuwa akipakia malori Sirari na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi, alijaribu kuleta maziwa ya kopo. Kopo moja liliisha kwa siku nne. La pili hakuweza.

Saa tatu waliikuta ofisi ya kata imejaa. Mtendaji wa kata, mzee Nashoni, aliwaandikisha kwenye karatasi ya mahudhurio, wakamwamkia shikamoo, akawaambia mgeni wa wilaya bado yuko njiani. Mgeni alifika saa nne na nusu. Ndipo ikaonekana jenereta ya kuendeshea mashine ya picha haina mafuta, na mtu akatumwa na pikipiki. Sharon alilia. Awiti alijibanza ukutani, akamnyonyesha huku akiangalia saa ya simu. Saa tano na dakika kumi picha ya kwanza ilitokea ukutani.

Aliyesimama kueleza alikuwa dada kijana aitwaye Winfrida. Awiti alimkumbuka, ndiye aliyemkata nywele, taratibu, akimwomba radhi. Alieleza kwa Kiswahili kizuri ila picha zake zote zilikuwa za Kiingereza. Alisema wachimbaji wanatupa dhahabu nyingi kwenye marudio, ule mchanga uliokwisha kusafishwa, kwa sababu ya uchenjuaji duni. Hapo wanaume walichangamka, wakauliza maswali mengi. Kisha akaja kwenye usalama. Kati ya maduara arobaini waliyoyapima, kumi na moja hayakufaa mtu kuingia. Alianza kuyataja kwa namba.

Alipotaja duara namba tisa, mtu mmoja wa nyuma alisema lile lilishatitia mwezi wa tatu na kuwafukia watu watatu.

Winfrida aliangalia karatasi zake. Alisema vipimo vyao viliuona ufa wa duara hilo mapema, lakini ripoti ilikuwa bado inapitiwa makao makuu, na isingeweza kutolewa kabla ya kusainiwa. Alisema poleni sana.

Wegesa aliinuka. Mumewe alikuwa mmoja wa wale watatu, na walimtoa siku ya tano. Alijifunga vizuri khanga yake kiunoni, akapita katikati ya miguu ya watu, akatoka. Awiti alitaka kumfuata, lakini picha ilibadilika na ukutani pakatokea kichwa cha mwanamke kilichochorwa kwa nyuma, mshale ukielekea kisogoni. Akabaki.

Kati ya wanawake ishirini na wanane, Winfrida alisema, kumi na tisa walikutwa na zebaki mwilini kupita kiwango.

Awiti alinyoosha mkono, na mkono wenyewe ulikuwa unatetemeka, akaushika kwa ule mwingine. Alisema yeye ni namba kumi na saba. Aliuliza kama yumo katika hao kumi na tisa.

Winfrida alimweleza kwamba majibu ya mtu mmoja mmoja hayatolewi. Orodha ya namba na majina ilikuwa imefungiwa Dodoma, hata yeye hakuwa nayo. Ni utaratibu wa utafiti, alisema, wa kuwalinda walioshiriki.

"Kutulinda na nani?" Awiti aliuliza.

Watu wachache walicheka. Mgeni wa wilaya alimnong'oneza Nashoni, na Nashoni akasimama kusema kwamba maswali binafsi yataandikwa kwa barua, yapitie kwa mtendaji wa kijiji, kisha yeye Nashoni atayapeleka wilayani. Kisha wakaonyeshwa chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba, cha kuchomea dhahabu bila kuvuta moshi wa zebaki. Mtu akauliza vitagawiwa lini. Kilikuwa kimoja, cha maonyesho tu, na kingerudi na gari.

Mkutano ulifungwa saa saba kasorobo. Awiti alijua ameshachelewa, lakini badala ya kushika njia alikwenda kwenye gari jeupe la watafiti, ambako Winfrida alikuwa akikunja nyaya.

"Dada, huyu bado ananyonya," alisema, akigeuka ili mtoto aonekane. "Niambie tu. Ungekuwa wewe, ungemnyonyesha?"

Winfrida alianza kueleza faida za maziwa ya mama, kinga, na kwamba tafiti zaidi zinahitajika. Awiti alisubiri amalize.

"Sijauliza tafiti. Wewe."

Yule dada aliendelea kukunja nyaya mpaka zikaisha. Dereva alikuwa ameshawasha gari. "Ningemnyonyesha," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Lakini ningeacha kazi."

Awiti alimshukuru. Gari liliondoka, na chombo cha chuma kilionekana kupitia kioo cha nyuma, kimefungwa mkanda juu ya kiti.

Alipofika mwaloni ilikuwa saa nane. Kwenye karai lake alikuwa amekaa msichana mgeni, mikono imezama mpaka kwenye viwiko, vidole vikienda haraka na bila kukosea. Wegesa alikuwa ameshainamia karai lake, hakuinua macho. Waitara hakumfokea Awiti. Alisema hana la kufanya, mchanga haungoji. Kazi iliyobaki ni kuchoma madonge ya dhahabu ili zebaki itoke. Mzee Nyamhanga, aliyekuwa akichoma, alikuwa amelala nyumbani wiki nzima kwa kifua. Kama anataka, achukue. Kama hataki, wapo wengine.

Awiti akauliza mkaa uko wapi.

Mahali pa kuchomea palikuwa wazi, nyuma ya karasha ya kusagia mawe, jiko la makaa na sahani ya chuma juu yake. Kabla ya kuwasha alichota vumbi, akaliachia ili aone upepo unaelekea wapi. Ulikuwa unakwenda magharibi. Akamlaza Sharon mashariki, hatua arobaini, juu ya khanga, kwenye kivuli cha gunia alilolitundika kwenye vijiti. Akarudi, akaweka donge la kwanza kwenye sahani, akapuliza makaa. Donge lilianza kutoa moshi mwembamba usio na harufu, rangi ya fedha ikaisha, njano ikabaki.

Kwenye donge la tatu upepo uligeuka. Awiti alikimbia, akamhamishia mtoto kusini, kando ya lundo la marudio. Waitara alimwita, sahani ilikuwa inaungua. Kwenye donge la sita ukageuka tena. Akamhamishia karibu na barabara ya malori, ambako vumbi lilimfanya akohoe. Wanawake wa makarai walikuwa wanamtazama. Yalibaki madonge kumi na mawili. Alibana pua kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa, akapuliza makaa, na macho yake hayakuwa kwenye dhahabu bali kwenye moshi, kuona unakwenda upande gani.