Niletee Mgonjwa

Mzee Methusela alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, kidonge kimoja kiganjani, na mwanawe Eliakimu amesimama mbele yake na kikombe cha maji. Kila asubuhi ilikuwa hivyo hivyo. Kwanza uji wa uwele, maana ile dawa ukiimeza na tumbo tupu inakulevya. Halafu kidonge. Halafu Eliakimu anafungua mdomo, aonekane kwamba kimeshuka. Mwanaume wa miaka thelathini na moja, ndevu zimejaa, anaachama kama kifaranga.

Asubuhi hiyo mzee alifumba mkono.

"Imekwisha, mwanangu."

"Imekwisha?"

"Imekwisha. Tutapata Alhamisi."

Eliakimu akayanywa yale maji matupu, akarudisha kikombe ndani, akachukua mkasi wake wa kupogolea zabibu, akaenda kazini. Hakubisha. Kwa baba yake hakuwa na tabia ya kubisha.

Lakini jambo lenyewe halikuanzia hapo, wacha tulirudie kidogo.

Huyu kijana alianza kuugua ana miaka ishirini na mbili. Alikuwa anasikia watu kwenye bati. Wanamsema, wanamtukana, wanamwambia chakula cha mama yake kina sumu. Walimpeleka kwa mganga, walimpeleka kwenye maombi, mwisho hospitali ya mjini, daktari akasema ni ugonjwa wa akili, una jina refu ambalo mzee hajawahi kulishika mpaka leo, na dawa yake ni ya kila siku. Dawa ikapatikana. Kumeza sasa! Mama yake Hana akimpa, anatema. Muuguzi akimpa, anatema. Miaka mitatu. Mzee akawa anakiweka kidonge kwenye ulimi wake mwenyewe kwanza, mwanawe aone kwamba hafi, ndipo anampa. Siku moja kijana akasema, "Kwa mkono wako baba nameza. Kwa mwingine hapana." Watu wa bati wakanyamaza. Akajifunza kupogoa, akawa anaitwa na wenye mashamba mpaka kule Msalato.

Dawa alikuwa anapewa bure, ila bure hiyo ina barua. Barua ya msamaha, ya mtendaji wa kata, mpya kila mwaka. Mama Evodia, mtendaji wa zamani, alikuwa anaiandika huku anakuuliza habari za mbuzi. Akahamishwa. Akaja Ludovick, kijana nadhifu, viatu vyake havishiki vumbi, sijui anakanyaga wapi. Huyu anapokea watu Alhamisi tu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mtendaji. Tumekuja na ile barua ya msamaha."

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Si huyu hapa."

Ludovick akamwangalia Eliakimu, shati limepigwa pasi, nywele zimechanwa. Mama yake alikuwa amemwandaa vizuri, kwenda ofisini.

"Leo siku gani, bwana?"

"Alhamisi."

"Mzee wangu, huyu mimi nilimwona shambani kwa Mwalimu Gaudence, anapogoa. Tena anapogoa kuliko wenzake."

"Ni dawa hiyo, mtendaji. Bila dawa..."

"Msamaha ni wa wagonjwa. Nikimsainia mtu mzima, wakaguzi wakija nijibu nini?"

"Karatasi ya daktari ninayo."

"Karatasi naiona. Mgonjwa simwoni." Akaisukuma karatasi juu ya meza. "Niletee mgonjwa, mzee. Huyu umeniletea fundi."

Watu kwenye foleni wakacheka. Hata Eliakimu alicheka kidogo, kwa kuwa ameitwa fundi.

Njiani mzee alipiga hesabu. Kununua dawa kwenye maduka ya mjini, kwa uwele upi? Wa mwaka ule ulikauka ukiwa magotini. Nyumbani akafungua kile kikaratasi cha dawa, akahesabu. Vidonge tisa.

"Amesema nimpelekee mgonjwa," alimwambia mkewe.

"Na wewe unataka kumtengeneza?"

"Sikiliza, mama Eliakimu. Hivi vikiisha ataumwa tu, na barua hatuna. Si bora aumwe kidogo, wamwone, barua itoke? Halafu tunamrudishia hivi hivi tisa mpaka tufike dirisha la dawa hospitalini."

"Aumwe kidogo," Hana akasema. "Huo ugonjwa unapimwa kwa kibaba?"

Akainama akauchochea mlenda ambao ulishaiva zamani.

Kesho yake ndiyo asubuhi ile mzee alipofumba mkono. Alhamisi ya kwanza ilipofika, mzee alimtazama mwanawe akinawa uso uani, akimtania mama yake. Bado mzima mno. Wakaiacha ikapita.

Siku ya tisa bila dawa Eliakimu alirudi kutoka shambani kabla ya saa nne, mkasi kauacha huko huko. Siku ya kumi akaburuta godoro lake nje, mbali na bati. Ya kumi na moja akakataa ugali wa mama yake.

"Baba, wamerudi. Dawa lini?"

"Alhamisi."

Mzee alikuwa na koti lake kuukuu, mkono ndani ya mfuko, anakishika kile kikaratasi, anakiachia, anakishika tena. Ningesema alilia, lakini hakulia. Alichoka tu.

Alhamisi ya pili walikwenda kwa miguu, Eliakimu peku, shati kaligeuza nje ndani. Ofisi ya kata haina dari, ni bati tupu, na jua la Dodoma likipanda bati linaalika, ta, ta, ta. Mzee hakuliwaza hilo. Walikaa kwenye benchi, akina mama wakasogea mbali nao.

Eliakimu alianza kwa kutikisa kichwa. Akasimama. Akapanda juu ya benchi, akalipiga bati kwa viganja.

"Waongo! Waongo nyie! Baba hajaificha! Imekwisha! Baba yangu hawezi!"

Watu walikimbilia nje. Mtoto wa mtu akaanguka. Ludovick alichungulia, akarudi ndani akafunga mlango, na sauti yake ikatokea dirishani: "Mfunge! Thomas, mfunge!"

Thomas, mgambo, alimvuta miguu. Alimfunga kamba ya katani, ile ya magunia, mikono nyuma, kwenye nguzo ya baraza. Mdomo ulikuwa unatoka damu. Bado alikuwa anasema, polepole sasa, kama anayembembeleza mtu: "Hajaificha. Hajaificha."

Mlango ukafunguliwa.

"Enhe, mzee. Sasa hapa tunaelewana." Ludovick aliandika amesimama, akagonga mhuri, akaupuliza ukauke. "Mwakani wakati kama huu umlete tena nimhakiki."

"Asante, mtendaji," mzee alisema. Kweli, alisema asante.

Akatoka na barua mkono mmoja, akapiga magoti pale kwenye nguzo. Akakitoa kile kikaratasi mfukoni, akakifungua kwa meno. Mwanamke mmoja akamletea maji. Mzee akaweka kidonge kwenye ulimi wake mwenyewe, kama zamani, akakitoa, akamnyooshea.

"Meza, mwanangu. Ni mimi."

Eliakimu akanyamaza. Alikitazama kidonge, akakitazama kikaratasi na vile vinane vilivyobaki ndani yake. Alivitazama kwa muda mrefu. Halafu akainua macho kwenye bati, akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayekubali kosa mbele ya wakubwa.

Akafunga mdomo. Taya zikasimama.

"Ni mimi, Eliakimu. Ni mkono wangu."

"Mzee, mnaziba njia," Thomas akasema.

Kidonge kilishalowa, kikaanza kuyeyuka kwenye kiganja, kikiacha uji mweupe kati ya mistari ya mkono. Mzee hakukishusha. Barua ilikuwa imebanwa kwapani, jasho limeufikia mhuri, wino wa bluu unatambaa.

"Anayefuata!" Ludovick aliita.