Kadi za Kidonge cha Dada

Nilizipanda ngazi za hospitali mbili mbili, kiatu kimoja mguuni, kingine sijui kiliishia wapi, na kifuani nimekumbatia kadi arobaini ambazo kwa sheria haziruhusiwi kutoka ofisini. Ilikuwa saa nne kasorobo asubuhi. Ghorofa ya tatu, dada yangu alikuwa ameshavaa gauni lake la kwenda nyumbani, anasubiri daktari aje saa nne na karatasi ya kukataa upasuaji ili aitie sahihi.

Miaka kumi na minane imepita, na mpaka leo nikiona ngazi miguu inaniwasha. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile, furaha iliyochanganyika na woga hadi huwezi kujua kinachokutetemesha ni kipi.

Dada ndiye aliyenilea. Alikuwa fundi cherehani, mkono wake mwepesi, lakini roho yake ilikaa juu juu tangu namjua. Alikuwa akitoka nyumbani anarudi mara tatu kuhakikisha kama amechomoa pasi. Mlango ukifungwa nyuma yake, jasho linamtoka. Halafu, mwaka mmoja kabla ya asubuhi ile, ikaja dawa mpya ya wasiwasi, kidonge kidogo cha njano, na baada ya miezi miwili nikamsikia akiimba huku anashona. Nilisimama nje ya mlango na mfuko wa vitunguu mkononi, nikalia kimya kimya.

Kilichobaki kikawa uvimbe wa shingoni, wa miaka mitatu, ambao sasa ulikuwa unabana njia ya hewa. Alikuwa analala ameketi. Daktari alimwambia bila kuzunguka: utolewe upesi, ama siku moja pumzi itakatika. Dada akapiga moyo konde, akakubali.

Kisha nikafungua domo langu.

Kazi yangu ilikuwa ukarani katika ofisi inayokusanya taarifa za madhara ya dawa. Dawa ile mpya tulikuwa tunaifuatilia kwa mwaka mzima. Hospitali zilituletea kadi, na mimi nilinakili mambo mawili tu kwenye daftari kubwa: namba ya kadi na tukio lililompata mgonjwa. Upasuaji. Kizunguzungu. Upasuaji. Upasuaji. Katika kadi mia nne, zaidi ya mia mbili zilisema upasuaji. Bosi wetu, tuliyemwita Kalamu Nyekundu kwa sababu hakuna barua iliyopita kwake ikabaki safi, alikuwa ameanza kuandika onyo la kupeleka hospitali zote.

Jioni ile nilikaa mezani nikamwambia Dada, tena kwa ile fahari ya mtu mwenye habari ambayo wengine hawana: "Kidonge chako hicho kinawapeleka watu kwenye kisu."

Aliweka kijiko chini.

Kumbe alishayapanga yote kichwani. Kidonge ndicho kilichoukuza uvimbe, na kidonge hicho hicho kingemmaliza juu ya meza ya upasuaji. Akaacha kukimeza. Siku mbili tu, mikono ikawa inatetemeka hata uzi hauingii sindanoni. Wodini alikubali kwenda, lakini siku moja kabla ya upasuaji nilipomtembelea alinigeuzia uso ukutani. "Umeona mwenyewe kwa macho yako," alisema. "Halafu unataka nikalale pale?"

Kwa hiyo asubuhi ya siku yenyewe nilifika ofisini saa moja, kabla hata ya mfagiaji. Nilitaka kitu kimoja tu: kadi ya mtu mmoja aliyemeza kidonge kile, akapasuliwa shingo, akapona. Nikampelekee Dada. Nikavuta boksi, nikaanza kugeuza kadi. Na kwa kuwa safari hii nilikuwa natafuta mtu badala ya hesabu, nikasoma na karatasi zilizobanwa nyuma, ambazo hatukuwa na desturi ya kuzisoma.

Kadi ya kwanza: jino la gego. Amemeza kidonge siku ya upasuaji, saa moja kabla. Upasuaji wenyewe ulipangwa wiki tatu nyuma. Ya pili: ngiri, iliyopangwa mwezi mzima kabla ya kidonge. Ya tatu: mtoto wa jicho. Nikaanza kucheka peke yangu. Dawa gani hii, inakupa gego bovu, ngiri na mtoto wa jicho, tena inakuchagulia na tarehe! Watu hawa walikuwa wanaogopa kisu, wakapewa kidonge cha kuwatuliza, basi.

Lakini kwa nini waandike upasuaji kwenye nafasi ya madhara? Nikainua macho. Ukutani palikuwa na nakala ya maelekezo tuliyowapelekea manesi: *Andika kila kilichompata mgonjwa ndani ya saa ishirini na nne baada ya kumeza dawa.* Kicheko kikanikatikia. Mkono uliochapa maneno yale ulikuwa wangu.

Kalamu Nyekundu alinikuta sakafuni katikati ya kadi. Nilimweleza, maneno yanapandana. Alisoma nne, tano, akavua miwani.

"Sisi ndio tuliowaambia waandike hivi."

"Ndiyo, bosi."

"Dada yako anaingia saa ngapi?"

"Haingii. Saa nne anasaini kukataa."

Akatazama saa ya ukutani, kisha akanitazama mimi. "Sasa hapa unafanya nini?" Nikaanza kuokota kadi. Yeye akageuka dirishani, akasema, "Chukua. Mimi sijaona kitu."

Ndivyo nilivyofika wodini natweta. Dada alikuwa ukingoni mwa kitanda, mkoba mapajani. Nikazimwaga kadi zote juu ya shuka. Sista mkuu wa wodi akasogea, akaokota moja.

"Hii ni yangu," alisema. "Ina nini?"

"Sista, kwa nini uliandika upasuaji?"

"Mwanangu, ningeandika nini? Mmesema kila kilichompata. Mtu amemeza kidonge saa moja, saa mbili kapasuliwa. Hakijampata hicho?"

Mama wa kitanda cha pili alishika mbavu kwa kicheko. Wodi nzima ikafuata. Dada hakucheka. Alichukua kadi moja moja, akazigeuza polepole kama anayekagua mshono wa nguo ya mteja.

"Huyu jino."

"Ndiyo, Dada."

"Huyu jicho. Kwa hiyo kidonge hakina kosa."

"Kosa ni langu. Nilisema kabla sijasoma."

Daktari alikuwa ameshaingia na karatasi yake, amesimama mlangoni. Ndipo Dada akaanza kufungua vifungo vya gauni, akamwambia Sista amletee maji na kidonge chake.

Wiki tatu baadaye kadi mpya zilifika mezani kwangu. Kalamu Nyekundu alikuwa amelichana lile onyo, na kwenye kadi ameongeza mstari mmoja: *Kilichotangulia*. Kadi hazina majina, lakini moja ilikuwa ya wodi ile. Tukio: upasuaji wa shingo. Kilichotangulia: uvimbe, miaka miwili kabla ya dawa. Na chini kabisa, mahali ambapo hatukuomba neno lolote, Sista alikuwa ameongeza kwa mwandiko wake mnene: *Ameamka saa nane mchana. Ameuliza kama mdogo wake amepata kiatu.*

Niliigonga muhuri, nikaiweka pamoja na zile nyingine.