Senene na Kifua cha Dativa

Vällingby nzima, kitongoji hiki cha Stockholm, hakuna mtu anayelijua vumbi kama mimi. Nalinusa lingali mlangoni. Haya, nimetia chumvi: juzi nilifuta kioo cha dirisha nusu saa nzima, kumbe doa lilikuwa kwenye miwani yangu.

Lakini sababu ya kufuta ninayo. Mjukuu wangu Dativa, miaka minane, ana aleji ya wadudu wa vumbi, wale wadogo wasioonekana. Majani yakishaanguka, madirisha yakafungwa na joto likawashwa, kifua chake huanza kupiga filimbi. Basi miezi hiyo hatukai. Zulia tulishalitoa. Mashuka tunayafua kila wiki kwa maji ya moto sana kule chini, kwenye chumba cha kufulia cha jengo. Hata dubu wake wa kuchezea hulala kwenye friza ubavuni mwa samaki, wadudu wafe.

Mwenye sheria ni binti yangu Brigitha. Novemba hii, jirani yetu Deusdedit aliporudi kutoka kwetu Bukoba akaniletea kopo la senene, wale panzi wetu wa kuliwa, Brigitha aliniwahi kabla sijalifungua.

"Mama, kula wewe. Dativa asiguse. Nesi amesema mwili wake unaweza kuwaona senene ni ndugu wa wale wadudu wa vumbi."

"Senene awe ndugu wa vumbi? Basi na mimi ni shangazi wa ngamia."

"Mama!"

"Nimesikia, mwanangu."

Nilisikia kweli. Masikio yangu hayana ubaya.

Jumamosi saa nane mchana Brigitha alikuwa kazini, kwenye nyumba ya wazee ng'ambo ya maduka. Nikawakaanga senene wangu kwa kitunguu, dirisha wazi. Si nesi alisema tupitishe hewa? Dativa akaja akasimama mlangoni na soksi zake ndefu.

"Mormor, vinanukia." Ndivyo Waswidi wanavyomwita bibi mzaa mama.

"Ni chakula cha wakubwa hiki."

"Kidogo tu, Mormor."

Zamani kwetu wanawake waliwakamata senene, wakawanyonyoa mabawa na miguu, wakawakaanga, na wanaume wakala. Mama yangu alikufa hajamtia hata mmoja mdomoni mbele ya mtu. Nikamtazama yule mtoto wa kike pale mlangoni, hapana ikanishinda. Nikampa wachache kiganjani.

Dakika tano hazikupita. Alianza kujikuna shingo. Midomo ikavimba kama ya mtu aliyeumwa na nyuki. Kisha kifua, na safari hii haikuwa filimbi niliyoizoea. Ilikuwa kama bawaba kavu, na kila mara mlango ulifunguka kidogo kuliko mara iliyotangulia. Nikampulizia pampu yake ya bluu ya pumu, mara moja, mara mbili, mara sita. Wapi! Alinishika gauni, macho yamemtoka, hasemi. Mtoto anayesema kutwa nzima, hasemi.

Nikapiga 112, namba ya dharura. Kiswidi changu ni cha kununulia maziwa. Nikasema mtoto, hapumui, nikataja mtaa. Nikampigia Brigitha. Halafu, Mungu anisamehe, mtoto akiwa ameegemea ukuta anaitafuta hewa, mimi nikachukua kikaango nikakisukumia ndani ya oveni.

Mama wa gari la wagonjwa alifika na begi lake, Brigitha nyuma yake, sare ya kazi mwilini, anahema. Yule mama akapiga magoti, akauliza jambo kwa haraka.

"Mama, anauliza amekula nini," Brigitha akasema. "Kama ni chakula kuna sindano yake, anaichoma sasa hivi."

"Uji."

"Uji tu?"

"Uji tu. Ni vumbi hilo, nimefuta juu ya kabati."

Brigitha akanusa. "Na harufu hii?"

"Si Madeleine wa ghorofa ya chini? Wakongo na dagaa wao!"

Niliogopa. Nikisema, atanirudisha Bukoba, na kifua hiki nitakisikia kwenye simu tu. Nisiposema, je, kitasikika tena? Midomo ya Dativa ilikuwa inageuka rangi ya majivu. Nikafungua kinywa nitoe ukweli. Likatoka lile lile: "Vumbi."

Hapo mtoto akamnyooshea mama yake mkono, ngumi imefumbwa. Brigitha akaifumbua kidole kimoja kimoja. Ndani, amelowa mafuta, alikuwamo senene mmoja. Alikuwa amemwekea mama yake.

Yule mama wa begi hakuuliza tena. Sindano ikaingia pajani. Tukangoja. Pumzi moja fupi. Nyingine. Kisha ikaja ndefu, na Dativa akalia kwa sauti, na mimi nikakaa sakafuni kando yake.

Brigitha hakunipigia kelele. Aliinama, akaniletea kile kiganja kidogo mpaka karibu na miwani.

"Na huyu, Mama? Huyu naye ni uji?"