Sindano wa Sauti ya Pili

Shule yao haikuwahi kupeleka kwaya popote. Ilipotangazwa kwamba mwaka huu itaingia mashindanoni, tena si ya kusimama na kuimba tu bali ya kuimba huku mnacheza, kwaya ilipewa ukumbi wa kulia chakula, saa za jioni, meza zikiwa zimesukumwa ukutani na makombo yamefagiliwa. Kiongozi alikuwa mwalimu wa hesabu. Wanafunzi walimpachika jina la Robo, kwa sababu lawama yake ilikuwa moja tu: kuna mtu amechelewa robo ya pigo. Ukigeuka kabla ya wenzako, robo. Ukiinua mkono wa kulia wenzako wakiinua wa kushoto, hiyo nayo kwake ilikuwa robo.

Sindano, msichana wa kidato cha pili aliyeitwa hivyo kwa wembamba wake, aliimba sauti ya pili. Kwa asiyejua, sauti ya pili ndiyo inayokaa chini ya wimbo na kuushikilia, wala hakuna mtu anayetoka ukumbini akiipiga mluzi. Ilipanda mara mbili, ikashuka, ikabaki pale pale kama mtu aliyesahau alichofuata dukani.

Naye alichokitaka ni ubeti wa katikati, ule ambao wote wananyamaza na mmoja anasogea mbele. Aliutaka mpaka chakula hakipiti. Wala si kwa kupenda sifa. Mama yake alikuwa nchi ya mbali, mwaka wa tatu sasa, akimtunza bibi kizee wa watu: kumwogesha, kumlisha, kumgeuza kitandani. Likizo aliyoahidiwa ilikuwa imesogezwa mara mbili. Kwa hiyo siku ya mashindano mama mdogo, fundi cherehani aliyekuwa akiishi na Sindano, angeinua simu juu, na mama angesikiliza huko huko aliko. Sasa asikilize nini? Watoto thelathini wanaoimba kwa pamoja. Mwanawe angempataje humo?

Kila Jumapili mchana, bibi kizee akishalala, mama alipiga simu, na ombi lake la kwanza lilikuwa lile lile: niimbie. Sindano alisimama katikati ya vitambaa vya mama mdogo akaimba sehemu yake, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa akiifanyia mazoezi na ndiyo aliyoogopa kuikosea. Mama alisema ni wimbo mzuri, ingawa hauna kichwa wala miguu. Kisha alimwomba arudie, polepole, apate kuushika. Simu ikikatwa, mama mdogo alijiinamia cherehani yake na kusema kwamba vizibao thelathini vya kwaya havitajishona vyenyewe. Alikuwa akimlilia dada yake, lakini hilo asingelisema hata kwa dawa.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, Robo akamtangaza mwenye ubeti: dada kiranja, ambaye, tusimwonee kijicho, sauti alijaliwa. Sindano alipiga moyo konde akamfuata mwalimu hadi mlangoni, akamwomba ampe yeye. Robo alimweleza kwamba waimbaji wa sauti ya pili ni sita, na wale wengine watano humtegea sikio yeye Sindano.

"Ukitoka wewe, hao wote wanahamia sauti ya kwanza," alisema. "Nakuhitaji hapo hapo ulipo."

"Mama yangu hatanisikia, mwalimu."

Robo alifunga daftari lake, akalifungua tena, akamwambia arudi kwenye mstari.

Hapo ndipo Sindano alipojiwekea mpango wake. Ubeti wa mwisho angepaza sauti, apae juu ya kwaya nzima. Alijua fika kwamba sauti moja ikitokeza majaji hukata alama, na alijua wenzake wangemla nyama. Potelea mbali. Alifanya mazoezi ya kupaza bafuni, mpaka mama mdogo akagonga mlango kuuliza kama kuna nyoka.

Jumamosi ikafika. Walipanda jukwaani roho mkononi, vizibao vimewakaa sawasawa. Mama mdogo alikuwa safu ya tatu, simu ameinua kwa mikono miwili. Waliimba, wakapiga hatua, wakageuka, na kama kawaida kuna mtu alichelewa robo. Dada kiranja akasogea mbele akautoa ubeti wake, ukumbi ukatulia tuli. Sindano alimtazama mgongo akatamani kulia.

Ubeti wa mwisho ulipofika, akavuta pumzi. Pembeni yake mdogo wao kuliko wote, kwa woga wa macho ya watu, akateleza na kuingia sauti ya kwanza. Wa pili akamfuata. Yule mdogo akageuza macho kumtafuta Sindano. Angepaza sauti wakati ule, angewavuruga wote. Basi akaishusha pumzi, akamwinamia, akamwimbia sikioni taratibu kama siku zote, mpaka akarudi, na wenzake wakarudi naye. Wimbo ukaisha. Ukumbi ulipiga makofi, na Sindano akashuka ngazi mikono mitupu, nafasi yake imekwenda.

Walikuwa wa nne kati ya shule sita, na Robo alikenua kama aliyetwaa kombe. Uani, mama mdogo alimsukumizia Sindano simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Sindano akaanza kuomba radhi. Alisema walikuwa wengi, alisema ubeti wa peke yake alipewa mwingine, alisema mwakani huenda. Mama akamkatiza.

"Ubeti gani tena? Mimi hao wengine sijui walikuwa wanaimba wimbo gani. Wimbo ninaoujua ni ule ulionifundisha wewe. Walipoanza nikadhani nimepotea. Nikatega sikio, nikakusikia uko huko chini. Nimekufuata mpaka mwisho."

Kisha mama akauimba, sauti ya pili tupu, jinsi alivyouimba kila siku akimwogesha bibi kizee: ukapanda mara mbili, ukashuka. Nyuma yake kengele ya bibi kizee ikalia. Akasema anaitwa, na simu ikakatika.

Sindano alibaki na simu sikioni, akimtamani mama yake kuliko siku zote, akaumalizia wimbo peke yake.