Mwaka Mmoja wa Kupumzika

Joyceline Hartwig aliacha tenisi ya kulipwa akiwa na miaka ishirini na saba, na wala hakupewa nafasi ya kueleza kwa nini. Walieleza wengine kwa niaba yake. Ilikuwa mwaka 2016, kwenye mashindano ya Paris. Alikuwa anaongoza kwa seti moja alipoinua mkono wa kushoto kumwita mwamuzi, akasema hawezi kuendelea, akakusanya raketi zake na kutoka uwanjani huku watu wakimzomea. Jioni ile ile kocha wake, Detlef Rademacher, aliyemfundisha tangu akiwa na miaka kumi na mitatu, aliulizwa kwenye televisheni ya Ujerumani kulikoni. Rademacher akajikuna kidevu, akasema, "Kipaji anacho. Moyo ndio hana."

Basi, ikawa hivyo. Miaka kumi na moja ya kulala kwenye hoteli na kuamkia uwanjani ikafungiwa katika maneno yale. Hakuna aliyekumbuka kwamba akiwa na miaka ishirini na mmoja alishika nafasi ya sitini na nne duniani, binti wa mama Mchagga na baba Mjerumani aliyewaacha akiwa darasa la pili. Hakuna aliyejua kuhusu sindano za ganzi alizochomwa kwenye kifundo cha mkono wa kulia kabla ya mechi, tangu akiwa na miaka kumi na saba. Kila alipolalamika Rademacher alimwambia ni uchovu wa misuli, kila mchezaji anao. Mwisho wa safari alikuwa hawezi hata kufungua chupa ya maji kwa mkono ule. Daktari aliyempasua baada ya Paris alimwambia kano ilikatika zamani sana, na kwamba hakuelewa mtu aliwezaje kuichezea miaka yote hiyo.

Mwaka 2017 akahamia kwa mama yake, Apolonia, huko Pearland, kusini mwa Houston, Marekani. Apolonia, aliyehamia huko kutoka Ujerumani, alikuwa nesi katika moja ya hospitali kubwa za mjini, na alikuwa amenunua nyumba yenye vyumba vitatu, kana kwamba alijua binti yake angerudi kwake. Mama na mwana waliongea Kiswahili kama walivyokuwa wakiongea Kassel, mji wa Ujerumani alikozaliwa Joyceline. Apolonia hakukubali mtoto wake amjibu Kijerumani mezani.

Joyceline akapata kazi ya kufundisha tenisi kwenye viwanja vya umma vya Sharpstown, mtaa wa Houston. Wanafunzi wake walikuwa watoto wa wahamiaji wa maghorofa ya jirani, na akina mama wachache waliotaka kupunguza mwili. Alirusha mipira kwa mkono wa kushoto. Hakuna aliyemjua, na hilo lilimpa nafuu. Lakini hasira haikumtoka. Alikuwa akikata vitunguu, mara sauti ya Rademacher inamjia, moyo ndio hana, anajikuta amekipigiza kisu kwenye ubao kwa nguvu hadi mama yake anageuka kumtazama.

"Nini tena?"

"Hamna kitu, mama."

Oktoba 2019 akatumiwa mwaliko kwenye simu. Akademi mpya ya tenisi ilikuwa inafunguliwa rasmi Fort Worth, na wachezaji wastaafu walialikwa kuja kuwasalimia vijana. Chini ya mwaliko palikuwa na jina la mkurugenzi wa ufundi: Detlef Rademacher.

"Usiende," alisema Apolonia alipoonyeshwa. Aliisukuma simu mbali kama sahani asiyoitaka. "Yule mtu ukimwona utajiumiza bure. Hayo yameshapita."

"Kwako yamepita. Nataka anitazame usoni aniambie sina moyo."

"Joyceline, nakuomba. Usiende."

Mama yake hakuwa mtu wa kuomba. Lingekuwa jambo la kujiuliza, lakini Joyceline hakujiuliza. Alhamisi iliyofuata akajaza mafuta gari, na Jumamosi alfajiri akaondoka.

Rademacher alikuwa amezeeka. Nywele zimekuwa nyeupe, shingo imelegea, ila sauti ilikuwa ile ile. Alimkumbatia mbele ya wageni kama baba aliyepotezana na mwanawe. "Huyu hapa," aliwaambia kwa Kiingereza, "ana mikono mizuri kuliko mchezaji yeyote niliyewahi kumfundisha." Watu wakapiga makofi. Joyceline alikuwa ameyapanga maneno yake njia nzima, saa nne na nusu za barabara, na sasa alisimama pale amekumbatiwa, hana hata moja.

Ndipo alipomwona yule msichana.

Alikuwa na miaka kama kumi na mitano, mrefu, mweusi, anacheza uwanja wa kwanza ambako wageni wote wangemwona. Alipiga mpira kwa hasira nzuri. Lakini kila baada ya pigo aliushusha mkono wa kulia ubavuni na kuutikisa mara mbili, haraka haraka, chini pale ambapo mwenye kutazama mpira hawezi kuona. Kifundo kilikuwa kimefungwa plasta ya rangi ya ngozi.

Joyceline alijinasua mikononi mwa Rademacher. Alijua ule mtikiso. Aliujua kama anavyojua jina lake.

Mama wa msichana alikuwa amekaa kwenye ngazi za watazamaji, bado amevaa sare ya hospitali, amepitiliza kutoka zamu ya usiku. Aliitwa Lydiah, Mkenya kutoka Meru, na binti ni Kagendo. Alifurahi kumsikia Joyceline akimsalimu kwa Kiswahili, akasogea kumpa nafasi ya kukaa.

"Mkono wa mtoto umepigwa picha?" Joyceline aliuliza.

"Ulipigwa, mwezi wa nane. Coach alisema ni strain tu. Wanamdunga kidogo before tournament, halafu anakuwa sawa."

"Wewe uliyaona majibu?"

Lydiah alimgeukia taratibu. "Mbona unaniuliza hivyo?"

"Mimi walinidunga hivyo hivyo. Huyo huyo kocha. Ukimwacha acheze, mkono utaisha. Mtoe leo."

Uso wa Lydiah ukakunjamana. "Dada, mimi ni nesi miaka kumi na tisa. Nafanya double shift ndiyo huyu awe hapa. Wewe umekuja leo, umekaa dakika mbili, unanifundisha kulea mtoto wangu? Nani alikutuma?"

Kagendo alikuwa amemaliza mchezo na kukaribia waya wa uwanja. Alisikia sauti ya mama yake ikipanda. "I'm fine, Mum," alisema, akauficha mkono nyuma ya mgongo.

Rademacher naye akafika. Alimshika Joyceline kiwiko, akamvuta kando kama alivyokuwa akimvuta zamani baada ya kushindwa, na kumwambia kwa Kijerumani asimharibie siku yake. Sasa maneno yakaja. Joyceline alimwambia kwamba yeye ni mwongo, kwamba alimjaza dawa mtoto wa miaka kumi na saba, kisha akaenda kwenye televisheni kumwita mwoga. Alisema kwa sauti ya kawaida. Wageni wawili watatu wakageuka.

Rademacher alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuonekana kuaibika. Alionekana kuchoka.

"Ulikuwa mtoto, ndiyo," alisema. "Kwa hiyo sikuamua peke yangu. Majibu ya kipimo cha mwaka 2006 yalisema upumzike mwaka mmoja. Yalitumwa nyumbani kwenu. Kamuulize mama yako nani alisaini uendelee."

Kurudi Houston hakukumbuka barabara. Alikumbuka tu kwamba alisimama kwenye kituo cha mafuta, akaketi ndani ya gari na mikono kwenye usukani, na mwanamke mmoja akagonga kioo kumuuliza kama yuko salama. Alifika Pearland saa kumi na moja jioni. Apolonia alikuwa jikoni anamenya ndizi. Alimwona binti yake mlangoni, akaweka kisu chini, akajifuta mikono, akavuta kiti. Hakuuliza safari ilikuwaje.

"Kwa hiyo amekwambia," alisema.

Joyceline alikuwa amejiandaa kwa kukana. Alikuwa amejiandaa kwa machozi. Hakuwa amejiandaa kwa kiti.

"Uliyasoma majibu?"

"Niliyasoma."

"Nesi. Uliyasoma ukayaelewa."

"Niliyaelewa vizuri."

"Ukaniambia daktari amesema ni uchovu. Nakumbuka ulikuwa umesimama wapi, mama. Ulikuwa unapiga pasi sare zako. Ukaniambia, ni uchovu, kunywa maji mengi."

Apolonia aliitazama meza. "Ulikuwa na mashindano ya vijana mwezi ule. Rademacher alisema ukipumzika mwaka, shirikisho litampa msichana mwingine nafasi yako na hutarudi tena."

"Kwa hiyo uliogopa nafasi."

"Sikuogopa nafasi." Sasa naye sauti ilianza kupanda. "Wewe hukujiona kabla ya raketi. Mimi nilikuona. Walikuwa wanakuuliza umetoka wapi, mtoto uliyezaliwa mtaa ule ule. Walimu walikuwa wanakuweka nyuma. Siku ulipoanza kushinda, gazeti la mji likaandika 'Joyceline wetu.' Wetu! Nikasema, wakimpokonya hii raketi watamrudisha kule. Sikutaka urudi kule."

"Nilirudi tu. Nimerudi na mkono mbovu juu yake."

"Najua."

"Miaka mitatu wananiita mwoga na wewe unajua. Unanipikia, unanikalisha hapa mezani, na unajua. Juzi ukaniomba nisiende. Nikadhani unanionea huruma."

Joyceline aliona kwamba mama yake anangoja, kama mtu aliyekuwa akiingoja siku hii kwa miaka mingi na sasa anataka ipite. Hilo lilimchoma kuliko uongo wenyewe. Alikuwa na matusi, akayameza, si kwa adabu. Aliona hata moja halitoshi.

"Kule kuna mtoto," alisema mwisho. "Anatikisa mkono kama mimi. Mama yake ni nesi kama wewe. Mimi ameshakataa kunisikiliza. Utakwenda wewe umwambie ulichofanya."

"Nikamwambie mtu nisiyemjua?"

"Ndiyo. Kwa mdomo wako."

Walikwenda wiki mbili baadaye, Apolonia alipopata siku ya mapumziko. Katika wiki hizo mbili hawakuongea ila mambo ya funguo na takataka. Lydiah alikubali kuwapokea nyumbani kwake Fort Worth kwa shingo upande, na kwa sababu aliyempigia simu safari hii alikuwa mtu mzima wa rika la dada yake mkubwa. Aliwaandalia chai. Kagendo alikaa kwenye ngazi, anasikiliza na kujifanya anachezea simu.

Apolonia hakugusa chai. Alisema alichosoma mwaka 2006, alichosaini, na alichomwambia binti yake. Alisema kama anavyokabidhi mgonjwa kwa nesi wa zamu inayofuata, jina la kano, urefu wa mpasuko, tarehe, bila kujitetea. Joyceline alikuwa amengoja amsikie akileta habari za gazeti na "Joyceline wetu." Hakuzileta. Alipomaliza akasema, "Habari yangu yote ni hiyo, mama. Mkono wa mtoto utazame. Kachukue picha kwa mikono yako mwenyewe."

Lydiah aliweka kikombe mezani. Kisha akamwambia Apolonia, kwa upole wa kutisha, "Wewe uliwezaje kulala?"

"Nilikuwa naomba zamu za usiku," alijibu Apolonia.

Jumatatu Lydiah alidai majibu akademi, na alipozungushwa akampeleka binti yake kwa daktari mwingine. Kano ilikuwa imechanika nusu. Miezi kumi na miwili bila raketi, alisema daktari. Kagendo alimtumia Joyceline ujumbe wa Kiingereza wa mistari miwili, kwamba anamchukia na kwamba ameharibu maisha yake. Joyceline hakumlaumu. Rademacher aliendelea na kazi yake. Akademi ilitoa taarifa kwamba afya ya vijana ndiyo kipaumbele, na picha ya kocha huyo ikabaki ukutani. Joyceline aliandikia gazeti moja la Ujerumani kurasa tatu. Wakamjibu kwamba habari hiyo ni ya zamani.

Januari 2020 alihama Pearland, akapanga chumba karibu na viwanja vya Sharpstown. Machi viwanja vikafungwa kwa ajili ya korona. Apolonia akawekwa wadi ya wagonjwa wa mapafu, na kila akitoka zamu alimpigia binti yake akiwa bado kwenye gari, kwenye maegesho ya hospitali, barakoa imemwachia alama usoni. Siku za kwanza Joyceline aliiacha simu iite. Siku mama yake alipomwachia ujumbe kwamba nesi mwenzake amefariki, akapokea.

"Bado nina hasira na wewe," alimwambia, kabla hata ya salamu.

"Sawa."

"Sikwambii ili unibembeleze. Ukitoka salama kwenye hiyo wadi bado nitakuwa nayo. Na ujikinge, mama. Usinifie nikiwa hivi."

Alimsikia mama yake akivuta pumzi, na nyuma yake gari la wagonjwa likiingia.

"Wamenipa barakoa mbili leo," Apolonia alisema. "Jana ilikuwa moja."

"Umekula?"

"Bado."

Joyceline alitazama saa, akachukua funguo. Alimwambia asiondoke hapo maegeshoni, kwamba anamletea wali, atauweka juu ya boneti ya gari lake, na kwamba asishushe kioo mpaka yeye Joyceline atakapokuwa ameondoka.