Mchi wa Mwanamvua

Mume wangu Kaimu ni fundi seremala, na kwa ukaidi punda hamfikii. Tangu Wazungu wa mradi wa karanga waondoke Nachingwea na kuyaacha matrekta yao porini, alikuwa na jambo moja tu kichwani: kutengeneza gitaa la umeme.

Chanzo nilikijua. Mwaka uliopita, kwenye jando la mpwa wetu, alipiga gitaa lake la kawaida kutwa nzima, ngoma zikalimeza. Binti yetu Mwanamvua akamwuliza, "Baba, kwani wewe ulipiga saa ngapi?" Kaimu hakumkemea. Alilala na njaa. Sasa Mwanamvua mwenyewe alikuwa ndani, akifundwa unyago kwa mama yangu kule Nkowe, na Kaimu aliapa kwamba siku ya kutolewa, mtoto atamsikia baba yake, ngoma zipende zisipende.

Kiwiliwili cha gitaa alikichonga kwa mninga, kikang'aa kwa wekundu. Rafiki yake Kornel, fundi redio, akakitia sumaku na waya mwembamba wa simu mbovu, akaunganisha na redio kubwa na betri ya trekta. Shida ikawa shingo. Kila aliyoichonga, mti ulikuwa mbichi, nyuzi zikikazwa inapinda.

"Mama Mwanamvua," akaniambia, akitazama pembeni, "mti mkavu hapa nyumbani ni mmoja tu."

Nikajua anausema mchi wangu. Mchi ule wa mpingo nilipewa na mama siku niliyotolewa, naye alipewa na mama yake. Sasa ilikuwa zamu ya Mwanamvua. Nikamwambia akachonge mguu wake.

Nikaenda kutwanga mtama kwa hasira. Nilivyoubamiza mchi ule, mwingine ungepasuka. Huo hata ufa haukuingia. Nikamkumbuka Kaimu alivyolala na njaa, moyo ukalegea. Nikampelekea.

"Ukiuharibu, utatwanga kwa meno."

Siku yenyewe betri ilisafiri hadi Nkowe kwenye keria ya baiskeli, Kornel akisukuma na kulalamika njia nzima. Mwali alikaa mkekani, macho chini kama alivyofundwa. Kabla ngoma hazijaanza, mama akaninyooshea mkono.

"Mchi wa mwali uko wapi?"

Wanawake wakanigeukia. Nilitamani ardhi inimeze. Nikaonyesha gitaa.

Mama akalisogelea, akaipapasa shingo ile nyeusi. Upande wa nyuma kidole chake kikakuta kibonyeo ambacho Kaimu alikiacha makusudi, pale vidole gumba vyetu vilipochimba miaka yote ile ya kutwanga.

"Ndio wenyewe," akasema. "Haya, baba Mwanamvua, utwange tusikie."

Ngoma zikalia, gitaa likalia juu yake, kuku wakakimbilia mihogoni. Mwali hatakiwi kuinua macho. Mwanamvua aliinua, akamtazama baba yake, akacheka mpaka meno ya mwisho yakaonekana. Kungwi akajifanya anafunga khanga yake. Mimi nililia kwa furaha mbele za watu na sikujali.

Ngoma zilipopumzika, Kaimu akamwekea binti yake gitaa mapajani. Mtoto akapapasa nyuma ya shingo mpaka kidole gumba chake kikaingia kwenye kile kibonyeo, akagusa uzi mmoja, redio ikamjibu.

Mtama wa karamu tuliutwanga kwa mchi wa kuazima.